Karata Nyeusi za Kaka Kifua

Mteja akimletea cherehani mbovu, Fundi hakimbilii bisibisi. Huomba kwanza kitambaa cha mwisho kilichoshonwa na mashine hiyo. Hukigeuza nje ndani, hukivuta, huupitisha ukucha juu ya mshono, kisha hukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Wateja wengine huona wanapotezewa muda. "Mama, nimeleta mashine, sikuleta nguo ya kukaguliwa," mmoja alimwambia. Fundi, bila kuinua macho, alimjibu kwamba mashine haina mdomo, na kama anataka ifunguliwe na mtu asiyejua anachokitafuta, mafundi wa namna hiyo wamejaa mtaani. Mteja akavuta kiti, akaketi.

Uzi ukiruka mshono mmoja na kushika mwingine, Fundi anajua sindano imepinda. Ukijiviringa upande wa chini kama nywele zisizochanwa, anajua uzi wa juu umelegea. Amefanya kazi hiyo tangu usichana wake, na sasa wanawe pacha wameshaondoka nyumbani kwenda masomoni. Kucha zake zina weusi wa mafuta ya mashine ambao sabuni imeukatia tamaa. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe humwita Fundi.

Si mwanamke wa kuchezewa. Binamu yake Kinyozi, aliyehamia mji wa mbali, alipompigia simu kumwambia kwamba amefungua meza ya poka kwenye mtandao na anataka ndugu wacheze pamoja, Fundi alikata simu. Alifanya vizuri. Karata zikishaingia fedha si mchezo tena. Ni watu kuchomoana mifukoni huku wakitabasamu, na anayeshinda hulala amekula jasho la mwenzake bila kumwachia hata sura ya kulalamika. Wako wanaosema ni starehe tu. Waulizwe wake zao.

Kinyozi alipiga tena.

"Dada, nisikilize basi kabla hujanikatia. Hakuna hata senti moja ndani yake, naapa. Tunachezea viduara vya kuchorwa tu."

"Viduara gani?"

"Vya rangi rangi. Wewe si mtu wa cherehani? Viite vifungo."

"Na anayeshindwa?"

Kinyozi akafikiri kidogo. "Anayeshindwa wiki hiyo, anampigia simu Shangazi."

Fundi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Shangazi yao ni mama mwema, lakini simu yake huanza asubuhi ikaishia chaji inapoisha, na hapo bado hajamaliza habari za goti la kulia. Alikuwa mpweke, na wote walijua wanamkwepa. Adhabu hiyo Fundi aliiona ina maana. Akakubali kwa sharti moja: kila mkono, yaani kila mgao wa karata, ukiisha, karata za wote zifunuliwe, asiwepo mtu wa kulala na siri zake.

Wakawa wanne mezani. Fundi, mumewe, ambaye ni msoma mita wa idara ya maji, Kinyozi, na kaka yake Fundi wa tumbo moja, dereva wa basi la shule. Walicheza jioni baada ya kula, kila mtu na simu yake, wakisikilizana sauti. Msoma mita alikalishwa sebuleni na Fundi akabaki jikoni, maana mume huyo ni mwaminifu katika yote isipokuwa kuchungulia.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu hupewa karata mbili asizoziona mwingine. Kisha karata tano huwekwa katikati, wazi, za wote. Mwenye karata tano bora, akiunganisha zake na za mezani, ndiye anayezoa vifungo. Lakini kabla ya kufika huko watu huzidi kuweka: anayejiamini huongeza, anayeogopa hutupa karata zake akajitoa. Na asiye na kitu naye anaweza kuongeza, akatisha watu, wote wakajitoa, akazoa vifungo kwa karata za bure. Huko ndiko kuzuga, na ndiko utamu wa mchezo ulipo. Jambo moja zaidi: karata zina aina nne. Kopa na uru ni nyekundu, shupaza na pau ni nyeusi. Ukipata tano za aina moja, tuseme pau tupu, una nguvu za kutisha. Ukipata tano nyeusi zilizochanganyika shupaza na pau, huna kitu.

Jioni moja ya mwanzo mwanzo, mezani zikiwa zimelala pau tatu na nyekundu mbili, Kaka alivuta pumzi ikasikika kwenye simu zote.

"Naweka vyote," akasema.

"Vyote?" Kinyozi akashtuka. "Kaka, una nini wewe?"

"Njoo uone."

Kinyozi alikuwa na malkia wawili, akaenda kuona. Karata zikafunuka. Kaka alikuwa na mfalme wa pau na saba ya shupaza. Yaani hakuwa na kitu.

Msoma mita akapiga ukelele kutoka sebuleni. "Shemeji! Umetuwekea vyote kwa takataka hizi?"

Kaka naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. "Hicho ndicho kifua, shemeji. Nyinyi mna mbavu tu."

Tangu siku hiyo akaitwa Kifua. Jina lilimkaa. Kila baada ya mikono michache alikuwa anaweka vyote kwa karata zisizo na mbele wala nyuma. Mara nyingine wote walikimbia akazoa. Mara nyingine walimkamata, na aibu yake ikageuka kichekesho cha jioni nzima. Mwisho wa wiki, karibu kila wiki, aliyempigia Shangazi alikuwa yeye.

Fundi alipenda kucheza, lakini kuna kitu alikipenda zaidi. Programu ile iliweka kumbukumbu ya kila mkono uliochezwa, na mtu aliweza kuurudisha akautazama upya, hatua kwa hatua, nani aliongeza, nani alisita, nani alijitoa, na mwisho nani alikuwa na nini. Alipogundua hilo alisisimka kama mtu aliyepewa marobota ya nguo zilizoshonwa vibaya. Karakanani, akisubiri mafuta yapenye kwenye ekseli kavu, alikuwa anarudisha mikono ya jana akiitazama huku midomo ikimcheza.

Kinyozi alimsoma kwanza, kwa sababu alikuwa rahisi. Kinyozi akiwa na karata mbaya huongea. Anasimulia wateja wake, anaimba, anawatania watu, na huku anaongeza vifungo. Akiwa na karata nzuri anakuwa bubu, anasita, kisha anaweka kidogo kidogo kama mtu anayeburutwa.

Kumsoma mumewe kulimchukua siku chache zaidi.

"Wewe ukiwa huna kitu, unawahi," alimwambia siku moja wakati wa chai.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Ukiwa na karata nzuri unakaa kwanza unazifurahia. Ukiwa mtupu unaongeza papo hapo, kama unavyobisha hodi kwenye nyumba yenye mbwa. Unataka yaishe."

Msoma mita alitua kikombe. "Kumbe mimi nalala na mpelelezi." Jioni hiyo akajirekebisha: kila mara kabla ya kuongeza, Fundi akiwa jikoni alimsikia akijihesabia kwa kunong'ona. Na alipokuwa na karata nzuri alisahau kuhesabu. Fundi alilazimika kuuma kitambaa asicheke.

Lakini kumsoma Kaka kulimshinda. Mzugaji yeyote huchagua wakati wake. Hungoja wenzake waonyeshe woga, hungoja wabaki wachache, ndipo arushe. Kaka hakungoja chochote. Aliweza kuweka vyote akiwa wa kwanza kusema, mbele ya watu watatu ambao hata hawajapepesa macho. Halafu mkono unaofuata, akiwa na wafalme wawili mkononi, alijitoa kwa woga kama bibi harusi. Shujaa na mwoga wamekaa kiti kimoja! Fundi alikereka. Mashine inayoshona vizuri leo na vibaya kesho ina sababu. Hajawahi kukutana na isiyokuwa nayo.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, alifunga nusu ya mlango wa karakana akarudisha mikono yote ambayo Kaka aliweka vyote akashindwa. Aliacha kutazama wengine. Aliacha hata kutazama vifungo. Alitazama karata tu, zile mbili za Kaka na zile za mezani, mkono baada ya mkono. Alipofika katikati akasimama, akarudi mwanzo, akaanza upya kwa kasi.

Kila mara kulikuwa na karata tano za rangi moja ya macho. Nyeusi tano, shupaza na pau zimechanganyika. Au nyekundu tano, kopa na uru. Hata mara moja Kaka hakuweka vyote kwa nyeusi na nyekundu zilizochangamana. Mtu anayezuga, anazuga kwa chochote. Huyu hakuwa anazuga. Kila alipoweka vyote alikuwa anaamini anacho.

"Kumbe!" Fundi alisema peke yake, akapiga paja. "Kaka hajui sheria!"

Furaha yake ilikuwa ya mtu aliyepata sindano kwenye zulia. Kifua hakuwa na kifua chochote. Alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote, ambaye hakuwahi kuzuga tangu waanze, ila tu anadhani nyeusi zote ni aina moja. Hata wafalme wake aliwatupa kwa sababu mezani palijaa rangi moja, akadhani mwenzake anazo tano. Wazo la kumpigia amsahihishe lilimjia, na lingekuwa la haki. Hakulifuata. Alitaka kwanza aone kama amepatia, na njia ya kuona ilikuwa tamu: jioni hiyo, na jioni zilizofuata, kila Kaka alipoweka vyote huku mezani kumetawala rangi moja, Fundi alihesabu zipi zilikuwa shupaza na zipi pau, akaenda kumkamata. Vifungo vikawa vinamiminika kwake.

"Huyu mdogo wako ni mchawi," Kinyozi alilalamika.

"Muache ale," alisema Kaka. "Nilimbeba mgongoni, leo ananikalia kichwani."

Fundi alicheka na wenzake. Lakini neno lile la kubebwa mgongoni lilibaki naye, na likaleta mengine. Ni nani aliyemfundisha karata? Ni Kaka huyo huyo, wakiwa watoto, wazazi wakiwa kazini, alimchorea shupaza na pau kwa mkaa ukutani, na wote wawili wakachapwa kwa sababu ya ukuta. Mtu huyo anaweza vipi kusahau tofauti zake? Fundi alilisukuma swali hilo pembeni. Alikuwa anashinda, na anayeshinda hapendi maswali. Kwa hilo hapaswi kutetewa.

Swali lilirudi lenyewe. Alikuwa karakanani anajaribu mashine aliyoitengeneza, ameshona kipande, anakipiga pasi ya mvuke aone mshono ukilala. Simu ilikuwa karibu, imesimamishwa kwenye kopo la vifungo vya kweli, inaonyesha mkono wa jana. Mvuke ukakipaka kioo ukungu. Alinyoosha kidole afute, kidole kikabaki hewani.

Tarakimu alizisoma bila shida, maana ni kubwa. Nyekundu na nyeusi alizitofautisha bila shida. Lakini vile vichoro vidogo vilivyo chini ya tarakimu vilikuwa vimegeuka matone. Shupaza na pau walikuwa pacha. Kopa ni tone jekundu, uru ni tone jekundu. Mezani palikuwa na matone matatu meusi, na kwenye mkono wa Kaka mawili, na mtu yeyote mwenye akili timamu angesema ana tano za aina moja.

Alikaa chini. Pasi ikaendelea kupumua mvuke peke yake mpaka alipoichomoa.

Kaka hakuwa amesahau sheria. Kaka hakuwa anaona. Na Jumatatu asubuhi Kaka angekaa nyuma ya usukani wa basi lenye watoto wa watu.

Ilikuwa Jumamosi, akafunga karakana kabla ya wakati wake. Njiani aliandaa maneno ya kuanzia, mazuri, ya heshima, ya mdogo kwa mkubwa wake. Kaka yake huachiwa basi mwisho wa wiki, na alimkuta nje ya nyumba akilisugua kwa sabuni, suruali imekunjwa hadi magotini. Wifi yake alikuwa kazini. Basi lilikuwa linang'aa. Fundi alisimama kwenye geti, na badala ya kusalimia akanyamaza. Kwa nini alinyamaza hata yeye hakuweza kusema. Ni ule udadisi wake, usiojua kukaa nyumbani.

Kaka aliinua kichwa, akamtazama moja kwa moja usoni, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, mama. Leo shule imefungwa. Kama ni habari za mtoto kubadilisha kituo, njoo ofisini Jumatatu, watakusaidia."

Maneno yote aliyoyaandaa Fundi yalimpotea.

"Kaka," akasema. "Ni mimi."

Sifongo ilidondosha maji. Kaka akacheka haraka. "Nilikuona! Nilikuwa nakutania tu, wewe naye. Ingia, ingia."

"Hukuwa unatania. Na mezani pia hujawahi kutania."

"Mezani wapi tena?"

"Kwenye karata. Hujazuga hata mara moja. Unaweka vyote kwa sababu unadhani unacho. Nimerudisha mikono yako yote nimeitazama. Shupaza na pau huzitofautishi. Kopa na uru huzitofautishi."

Kaka alitumbukiza sifongo kwenye ndoo, akaikamua, akaitumbukiza tena. Akakaa kwenye ngazi ya basi.

"Simu ina kioo kibaya," akasema.

"Mimi pia nina kioo kibaya?"

Kaka aliivuta ndoo karibu na miguu yake.

"Tangu lini, Kaka?"

"Sijui. Ilikuja taratibu. Ile siku ya kwanza nilidhani kweli nimeona. Mfalme wa pau na saba ya pau. Wakafunua, nyie mkacheka, nami nikacheka. Nikasema labda nimeteleza. Siku ya pili tena. Nikasema hapa kuna jambo. Lakini mlishanipa jina. Ningeanza kuogopa ogopa mngeuliza Kifua amepatwa na nini. Basi nikawa naweka, nikipatia nimepatia." Akafuta mikono kwenye suruali. "Umejua tangu lini?"

"Kwamba unachanganya, nilijua siku kadhaa zilizopita."

"Na ukawa unanila vifungo."

"Nilidhani umesahau sheria."

"Mimi? Mimi niliyechapwa kwa ajili ya ukuta ule?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilijidanganya. Ilikuwa tamu kushinda, nikaacha kuuliza. Hilo ni kosa langu, na nisamehe. Lakini mimi nilikuwa nachezea vifungo, Kaka. Wewe una watoto humo ndani."

"Naenda taratibu. Njia ile naijua kama nyumba yangu. Kila shimo tunajuana kwa jina."

"Mtoto anayekatiza barabara humjui kwa jina."

"Sijawahi kugonga hata kuku!"

"Asubuhi, jua likiwa mbele yako, unaona nini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na haikuwa sauti ya kumshitaki. Alitaka kujua kweli. Labda ndiyo sababu Kaka alijibu.

"Jua likiwa mbele," alisema polepole, "sioni barabara. Naona weupe. Namfuata yule wa mbele kwa taa zake za nyuma. Asipokuwepo wa mbele, nafuata ukingo." Akageukia viti vya basi nyuma yake. "Watoto nawajua kwa sauti wanapopanda. Kuna mmoja hasemi kabisa. Huyo kila siku nahesabu mara mbili mbili nisije nikamwacha."

"Wifi anajua?"

"Hakuna anayejua. Nikisema tu, funguo zinaondoka. Wewe una karakana yako, hakuna wa kukutoa. Mimi nikitoka kwenye usukani huu ni nani? Mzee wa kukaa kibarazani, naulizwa kila saa kama nimekunywa chai?"

"Utakuwa kaka yangu, kama ulivyo. Lakini nakwambia mbele ya macho yako, tena kwa heshima zote: Jumatatu ukiwasha basi hili, nitasimama mbele yake."

"Utagongwa," Kaka akasema. "Sitakuona."

Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa pamoja, kikubwa, kile cha utotoni cha kushikana mabega. Kikadumu kidogo. Kisha kila mmoja akasikia kilichosemwa, na kicheko kikakatika kama uzi. Kaka alibaki ametazama ndoo. Povu lilikuwa linapasuka juu ya maji.

"Nitafutie jina la msimamizi wa magari," akasema hatimaye, akimnyooshea simu. "Herufi zake ndogo."

Fundi alilitafuta. Hakupiga yeye. Aliirudisha simu mkononi mwa kaka yake, kwa sababu kuna maneno ambayo mtu akisemewa hubaki hajayasema. Kaka akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Kiongozi," alisema, "hujambo? Mimi dereva wako. Nina neno, na sitaki kulizungusha. Macho yangu hayaoni vizuri. Si ya leo. Tangu mwanzo wa muhula yamekuwa yakizidi, na nimeendesha hivyo hivyo, sikusema."

Upande wa pili kiti kilisikika kikisukumwa nyuma.

"Binti yangu anapanda basi hilo," msimamizi alisema.

"Najua. Anakaa nyuma, anapenda kuimba."

"Basi liache hapo lilipo. Usilisogeze hata hatua. Niletee funguo sasa hivi, kwa miguu. Mengine tutaongea nikishatulia, kwa sasa sitaki kusema kitu nitakachokijutia."

Halikuwa jibu la huruma, wala halikupaswa kuwa. Mtu aliyefichwa hatari ya mtoto wake ana haki ya kukasirika, na anayeungama hana haki ya kudai apewe pole papo hapo. Kaka alilijua hilo. Aliingia ndani, akatoka amebadilisha shati, akafunga milango ya basi mmoja mmoja.

Walikwenda kwa miguu. Fundi alitembea upande wa barabara na hakumshika mkono, maana hakuombwa. Walipita nyumba chache. Kisha Fundi hakuweza kujizuia.

"Yule pale anayekuja, unamwonaje?"

"Nani? Huyo mwenye mwavuli?"

"Si mwavuli. Amebeba beseni kichwani."

"Basi mimi namwona na mwavuli." Kaka alifikiri. "Si giza, unajua. Watu wanadhani ni giza. Ni kama kuna mtu amepangusa dunia kwa kitambaa chenye mafuta. Kila kitu kipo, lakini hakina ukingo."

"Na taa?"

"Taa zinachanua. Taa moja inakuwa kama ua, ina petali. Nzuri kweli, ungeiona. Ndiyo mbaya yake, nzuri."

Fundi aliendelea kuuliza njia nzima, kuhusu vivuli, kuhusu ngazi, kuhusu jinsi anavyojua sahani imekwisha chakula, naye akawa anajibu, mwanzoni kwa mkato, baadaye kwa mapana, kama mtu aliyekuwa safarini peke yake nchi ngeni na sasa amepata wa kumsimulia. Mara mbili alisimama ili aeleze vizuri zaidi kwa mikono.

Msimamizi aliwasubiri kwenye geti la shule. Hakusalimia kwa kirefu. Alinyoosha kiganja. Kaka alitoa funguo mfukoni, akazipeleka mbele, zikapita pembeni kidogo mwa kiganja kile. Akasita, akausikilizia mkono ulipo, akaziweka. Uso wa msimamizi ulibadilika alipoona hivyo. Alizifumbata funguo zile, akazitazama, akamtazama Kaka.

"Umeshakwenda kwa daktari?"

"Bado. Nilikuwa naogopa ataniambia nisiendeshe." Kaka akakohoa. "Kliniki ya macho inafunguliwa lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi sawa," alisema Kaka. "Jumatatu asubuhi sina kazi."